Miji Kumi, Tiketi Moja

Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa mwaka wa jumuiya yetu ya Waswahili hapa Bolton, kaskazini mwa Uingereza. Nimeiandika kama nilivyoisema, nikapunguza tu pale nilipojirudia.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, kina mama, kaka na dada zangu, na ninyi vijana mliosimama karibu na mlango wa jikoni mkisubiri pilau: asalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe. Naona zote zimeitikiwa, basi tuko salama.

Mimi si mwanasiasa, ni dereva wa basi. Mwenyekiti aliponipigia simu akitaka nizungumzie serikali ya miji hii kumi ya Greater Manchester, nilimwambia amekosea namba. Akasema, "Dada, wewe ndiye unayeiendesha hiyo serikali, sisi tunapanda tu." Nikakosa la kumrudishia.

Mnakumbuka ubishi ulivyoanza mkutano uliopita. Kaka mmoja alisema meya wetu ni yule aliyekuja kwenye baraza la Idi na mkufu wa dhahabu shingoni. Mwingine akasema wapi, meya ni yule wa kwenye televisheni asiyefunga tai. Wa tatu, mkazi wa Salford, akasema wao wana meya wao na alimpigia kura mwenyewe. Tukaachana usiku huo hakuna aliyekubali kushindwa.

Wote watatu walikuwa sahihi. Yule wa mkufu ni meya wa heshima wa Bolton, diwani anayepewa nafasi hiyo kwa mwaka mmoja, anafungua maonyesho na kupigwa picha. Salford wana meya wao wa kuchaguliwa tangu 2012. Jiji la Manchester nao wana wao wa mkufu. Halafu, juu ya wote hao, yuko Meya wa Greater Manchester, ambaye hana mkufu lakini ana mabasi, zimamoto na polisi. Kwa hesabu hiyo tuna mameya wengi kama masheha wa Pemba. (Kicheko.)

Leo namzungumzia huyo wa mwisho, na kile chombo anachokiongoza. Na nitaanzia kwenye theluji.

Nilifika nchi hii 2009. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubeba boksi kama wengi wenu, kwenye ghala moja Trafford Park, nami nikilala hapa Bolton. Safari yenyewe ilikuwa mabasi mawili, ya kampuni mbili. Kila kampuni ilikuwa na rangi yake, ratiba yake na tiketi yake. Tiketi ya wiki ya kampuni moja, ukimwonyesha dereva wa kampuni nyingine, anakutazama kama umemwonyesha risiti ya sabuni. Kulikuwa na tiketi ya kupandia yote, lakini bei yake ilikuwa juu, na mwenye mshahara wa ghala hukata ile ya bei ndogo.

Sasa ile Desemba ya 2010, baridi ambayo wenyeji wanaisimulia mpaka leo. Nilikuwa kituoni Salford, saa kumi na moja alfajiri, vidole sivisikii. Basi likaja, limeandikwa kule kule ninakokwenda, na ndani kuna watu wanne. Nikapanda, nikatoa tiketi yangu. Dereva akatikisa kichwa: si ya kwetu hii. Mfukoni nina senti za chai. Nikashuka. Basi la "kwetu" halikuja siku ile. Nilitembea kwenye theluji na viatu vya turubai, nikafika nimechelewa dakika hamsini, msimamizi akanirudisha nyumbani bila malipo. Nilipokuwa narudi nilijisemea: Dar, konda wa daladala angenitukana, lakini angenipandisha. Hela yangu angeitaka tu.

Baadaye, nilipoingia kwenye udereva, ndipo nikajua kwamba hali ile haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa sheria. Ilipitishwa 1985, ikaanza kazi Oktoba 1986: kampuni yoyote ipeleke basi popote, ipange nauli yake, na njia isiyo na faida iiache. Isipokuwa London. London waliachiwa utaratibu wao, mamlaka moja inapanga na kampuni zinatekeleza. Sisi huku kaskazini tukaambiwa soko litatupangia.

Na mwaka huo huo wa 1986 kuna jambo la pili lilitokea, na haya mawili ni mapacha. Ili mlielewe, niruhusuni nirudi nyuma kidogo.

Miji hii kumi ni Manchester, Salford, Bolton, Bury, Rochdale, Oldham, Tameside, Stockport, Trafford na Wigan. Watu wote kwa pamoja ni karibu milioni 2.9. Mgeni akipita barabarani hajui wapi mmoja umeisha na mwingine umeanza, lakini jaribu kumwita mtu wa Bolton "mtu wa Manchester" uone. Kila mji una kiburi chake na kila kiburi kina sababu. Mashine ya kusokota uzi iliyobadilisha dunia ilibuniwa hapa Bolton na Samuel Crompton, mwaka 1779. Oldham walikuja kuwa na viwanda vingi vya kusokota kuliko sisi, jambo ambalo hapa hatulitaji. Wigan makaa ya mawe. Stockport kofia. Rochdale, wale mliosoma ushirika Moshi mnawajua: wafanyakazi 28 walifungua duka lao 1844, na kanuni zao ndizo zilizozunguka dunia mpaka zikafika kwa wakulima wetu wa kahawa.

Manchester wenyewe walikuwa soko. Uzi unasokotwa Bolton, nguo inafumwa kwingine, biashara inafungwa Manchester. Hata pamba ya Uganda, mzee wetu kutoka Jinja atanisahihisha nikikosea, ilisukumwa na chama cha Waingereza cha kukuza pamba kilichoundwa 1902 kikiwa na makao yake hapa, kwa sababu wenye viwanda waliogopa kuitegemea pamba ya Marekani peke yake. Mkulima wa Busoga na mfanyakazi wa kinu cha Oldham walikuwa kwenye uzi mmoja, na hakuna aliyewatambulisha.

Halafu mfereji wa meli. Ulifunguliwa 1894, meli zikapanda kutoka baharini mpaka huku ndani. Bandari ikaitwa Bandari ya Manchester, lakini magati makubwa yalikuwa Salford. Watu wa Salford bado wanakumbusha. Ndiyo maana nasema, miji hii ilikuwa inakula chungu kimoja miaka mingi kabla ya mtu yeyote kufikiria kuipa serikali moja.

Serikali ya kwanza ya pamoja ilikuja 1974. Baraza kubwa juu, halmashauri kumi chini. Ikadumu miaka kumi na miwili. Serikali ya Margaret Thatcher haikupenda mabaraza makubwa ya miji, mengi yakiwa mikononi mwa wapinzani wake, na Machi 1986 ikayafuta yote kwa mpigo mmoja, la hapa, la London, na mengine matano. Kwa hiyo mwaka mmoja uleule tukapoteza baraza la pamoja na tukapoteza mpangilio wa mabasi. Theluji yangu ya 2010 ilianza kuanguka siku zile.

Sasa hapa ndipo pananivutia mimi kuliko yote, na Mwenyekiti usinikatize. Baraza limefutwa. Sheria haiwalazimishi hawa kumi kukaa pamoja tena. Lakini kulikuwa na uwanja wa ndege, na uwanja ulikuwa wa wote. Wakagawana hisa: Manchester asilimia 55, wale tisa asilimia tano kila mmoja. Wale mliolelewa mwambao mnajua habari ya ndugu walioachiwa shamba la minazi. Hata wakinuniana mwaka mzima, msimu wa kuangua nazi watakutana shambani, watahesabu, watatazamana machoni. Uwanja ule ndio ulikuwa shamba la minazi. Wakaunda na umoja wao wa hiari wa halmashauri, wakawa wanakutana, wanagombana, wanakunywa chai. Miaka ishirini na mitano hivyo, bila serikali.

Mkiuliza wasomi watawaambia habari za sera. Mimi nasema ni ile tabia ya kukutana. Ilipofika wakati wa kuomba madaraka, walikuwa wamezoeana.

Na si kwamba kila walichokitaka walikipata. 2008 walikwenda kwa wananchi na mpango mkubwa: serikali kuu itatoa mabilioni ya usafiri, nanyi wenye magari mtalipa kuingia mjini saa za msongamano. Wananchi wakapiga kura. Asilimia 79 wakasema hapana, na hakuna hata mji mmoja kati ya kumi uliosema ndiyo. Ukipigwa hivyo ungedhani wataachana. Mwaka uliofuata wakakaa wakachanga fedha kwenye mfuko mmoja, wakaendeleza reli za tramu kidogo kidogo, na tarehe 1 Aprili 2011 wakawa wa kwanza Uingereza kuunda hiki kinachoitwa mamlaka ya pamoja.

Kinafanya kazi hivi. Viongozi kumi wa halmashauri wanakaa meza moja, kila mmoja kura moja. Manchester wana watu zaidi ya laki tano, Bury hawafiki laki mbili, lakini kila mmoja ana kura moja tu. Halafu kila kiongozi anapewa jambo la kusimamia kwa ajili ya miji yote, si mji wake. Kwa hiyo yule wa Wigan anaweza kuwa anahangaika na habari zenu ninyi wa Rochdale. Kuzoa takataka, shule, malezi ya wazee, vibali vya kujengea, vyote vimebaki halmashauri zenu. Juu wamepandisha machache tu.

Meya alikuja baadaye, na alikuja kama mahari. Novemba 2014 waziri wa fedha George Osborne aliwaambia: madaraka na fedha nitawapa, lakini lazima mtu mmoja achaguliwe na wananchi, nijue nani wa kumlaumu. Kuna kichekesho hapo. Miaka miwili nyuma jiji la Manchester lilikuwa limeulizwa kwa kura kama linataka meya wa kuchaguliwa, likakataa. Safari hii hakuulizwa mtu. Viongozi walitia saini. Mimi matunda yake nayapenda, lakini namna ile sikuipenda na bado siipendi.

Mei 2017 akachaguliwa Andy Burnham kuwa meya, akarudishwa 2021 na 2024.

Haya, mabasi.

Mwaka 2017 huohuo bunge lilipitisha sheria inayowaruhusu mameya wa aina hii kuyarudisha mabasi chini ya mpango mmoja kama London. Uamuzi hapa ulitolewa Machi 2021. Kampuni mbili zikaenda mahakamani kupinga, zikashindwa, moja ikakata rufaa, ikashindwa tena 2022. Na Jumapili, tarehe 24 Septemba 2023, ikaanza Bolton na Wigan. Kwetu. Si Manchester, kwetu kwanza. Siku ile nilikuwa zamu ya asubuhi. Depo ilikuwa ileile, chai ileile mbaya, ila kampuni iliyonilipa Ijumaa siyo iliyonilipa iliyofuata, na nje magari ya njano yamepangwa kama maembe ya Muheza. Nilichelewa dakika saba kwa sababu mashine ya tiketi ilinigomea, na mama mmoja mzungu, mtu mzima, alipopanda alipapasa kile kiti kipya akaniuliza, "Sasa hili ni letu?" Nikamwambia ni letu. Akalipa pauni mbili.

Wengi wanadhani kampuni zimefukuzwa. Hazijafukuzwa, ndizo zinazotuajiri. Kilichobadilika ni nani anaamua. Njia, nauli, ratiba na rangi, vyote vinapangwa na mamlaka. Kampuni inashindania zabuni, inalipwa kuendesha, na nauli inaingia mfuko wa pamoja. Maana yake njia yenye abiria wengi inaibeba njia ya kijijini yenye watu watatu. Zamani ile yenye faida ilikwenda kwa wenye hisa na ile ya watu watatu ilikufa.

Machi 2024 wakaingia Rochdale na Oldham, Januari 2025 miji yote ikawa imemalizika. Machi 2025 ikaja ile ya kugusa kadi ya benki: unagusa kwenye basi, unagusa kwenye tramu, mashine inajumlisha, na ukifikia kikomo cha siku haikati tena. Kwa tiketi moja ya basi unabadilisha mabasi ndani ya saa moja. Kile nilichonyimwa Salford kwenye theluji ndicho hicho.

Na ninyi wa zamu za usiku, hospitali na maghala: tangu Septemba 2024 walianza kwa majaribio basi la 36, Bolton mpaka Manchester kupitia Salford, usiku kucha. Mimi ni mmoja wa madereva wake. Saa tisa usiku nawaona, wengine wenu mnalala mdomo wazi, sitataja majina. (Kicheko.) Kampuni gani ingepeleka basi saa tisa usiku kwa ajili ya wafagiaji na wauguzi?

Lakini nisije nikaonekana nimelipwa. Kuna ya upande wa pili.

Polisi wako chini ya meya huyuhuyu. Desemba 2020 wakaguzi waligundua kwamba kwa mwaka mmoja makosa ya jinai yapatayo 80,000 yaliyoripotiwa hayakuandikwa. Elfu themanini. Kila moja ni mtu aliyepiga simu.

Ninyi wenye vani mnakumbuka yale mabango ya hewa safi yaliyosimikwa kila barabara, kwamba vani kuukuu italipa kila siku. Kuna ndugu hapa aliuza vani yake kwa hasara kwa kuogopa. Watu wakaja juu, mpango ukasimamishwa kabla haujaanza, mabango yakabandikwa karatasi, na mwishowe ukafutwa kabisa. Fedha ya vani hakurudishiwa mtu.

Stockport nao walijitoa kwenye mpango wa pamoja wa ardhi na nyumba Desemba 2020, kwa sababu walihofia maeneo yao ya kijani, na mpango ulihitaji wote kumi wakubali. Wale tisa wakaendelea peke yao mpaka ukapitishwa 2024. Kwangu hilo si aibu. Muungano ambao mmoja hawezi kusema hapana si muungano.

Kinachoniuma zaidi ni maghorofa. Nikishuka na 36 nayaona yanavyong'aa kule Deansgate, katikati ya Manchester, lakini nikigeuza basi kurudi, kufika Farnworth, hapa karibu na Bolton, maduka yamefungwa mbao. Meya ni wa miji yote kumi, lakini fedha ya wawekezaji inajua kituo kimoja tu.

Na mfuko mkubwa bado uko London. Oktoba 2020, wakati wa korona, serikali kuu ilitaka kufunga mabaa na biashara huku kwetu. Viongozi kumi, wa vyama tofauti, wakasimama nyuma ya meya: tupeni pauni milioni 65 za kuwasaidia wafanyakazi. London wakafika milioni 60, wakagoma hapo. Meya alikuwa nje, barabarani, anaongea na waandishi, mtu akamwonyesha simu mbele ya kamera: imetangazwa milioni 22. Ile sura yake mliiona. Hata ukiunganisha miji kumi, mwenye ufunguo wa sanduku ndiye anayekupimia.

Mzee wangu pale ameninong'oneza tangu mwanzo: mbona Dar tulikuwa nayo hii? Ni kweli mzee. Kulikuwa na Halmashauri ya Jiji juu, na Ilala, Kinondoni, Temeke na wenzao chini. Februari 2021 Rais Magufuli akaivunja, Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Hoja ilikuwa gharama, na kazi moja kufanywa mara mbili, na hoja ile ilikuwa na uzito: ukiwauliza wakazi jiji linawafanyia nini ambacho manispaa haifanyi, wengi hawakuwa na jibu. Ila mafuriko ya Msimbazi hayajui mpaka wa Ilala na Kinondoni, na mwendokasi unaipita mipaka hiyo kila siku. Siku watakapotaka kurudi kwenye jambo hili, waanze na kitu ambacho abiria anakishika mkononi.

Sasa la mwisho. Chukueni bili yenu ya kodi ya halmashauri, ile mnayoitupa kwenye droo. Chini kuna mistari miwili ya meya, mmoja wa polisi, mmoja wa zimamoto na mengineyo. Mnalipa. Na hata kozi za Kiingereza mnazosoma jioni, fedha yake tangu 2019 inapitia kwenye mamlaka hii. Lakini 2017 hata theluthi ya wapiga kura haikujitokeza kumchagua meya.

Mnasema sisi wageni. Mtanzania, Mkenya, Mganda, na Mnyarwanda pia, nchi zetu ziko Jumuiya ya Madola, na ukiwa na kibali cha kuishi hapa unaandikishwa na unapiga kura, huna haja ya kungoja uraia. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi, ninyi mpaka uraia, samahani, sikutunga mimi. Uchaguzi wa kawaida wa meya unaofuata ni Mei 2028, lakini wa madiwani huja kabla, na kitambulisho chenye picha kinatakiwa siku hiyo.

Binti wa katibu yuko pale karibu na sambusa na kompyuta yake. Mwendee na namba yako ya bima ya taifa, ni dakika tano. Mimi mniwie radhi kwa pilau, naingia kazini saa nne na nusu. Nimewekewa kwenye kopo. Wa Salford na Manchester, 36 yangu ya kwanza inatoka stendi saa tano kasorobo, na sitasubiri mtu anayeaga.